Mtu wa Kiti cha Pili

Mtu aendaye Bukoba siku ya mchezo, akaingia kiwanja cha Kaitaba, huwaona wachezaji kwanza, maana macho ya watu wote huwafuata wao. Humwona na mwamuzi, kwa kuwa filimbi yake husikilikana mpaka nje ya ukuta. Baadaye, akigeuza shingo, humwona mwalimu wa timu amesimama ukingoni mwa kiwanja, akipaza sauti na kuonyesha kwa mikono. Lakini nyuma ya mwalimu huyo, katika benchi, hukaa mtu mwingine mwenye karatasi mkononi. Huyu hapazi sauti. Mara moja moja huinuka, humnong'oneza mwalimu neno, kisha huketi tena. Timu ikishinda jina lake halitajwi. Ikishindwa, pia mara nyingi halitajwi, na labda hiyo ndiyo faida yake moja. Mtu huyo ni msaidizi wa mwalimu.

Somo hili ni habari ya kazi yake. Wala si katika mpira wa miguu, ambao kila mtoto wa Kimwani aujua tangu alipoweza kukimbia, bali katika mpira wa kikapu. Na hasa katika vyuo vikuu vya Marekani, ambako kazi hii imekuwa amali kamili, yenye ngazi zake, mishahara yake, na hata kesi zake mahakamani. Huenda mtoto akauliza, Vyuo vya Marekani vina nini na sisi? Jibu lake ni jina moja: Hasheem Thabeet.

Thabeet alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari, 1987. Hakuanza kucheza mpira wa kikapu tangu utotoni; alipoushika mpira alikuwa kijana tayari, naye alikuwa mrefu kupita wenzake wote. Alipokoma kukua kimo chake kilikuwa futi 7 na inchi 3. Sasa wengi hudhani ya kuwa mtu mwenye kimo hicho hana haja ya kufundishwa, kwa sababu kikapu hutundikwa futi 10 tu kutoka ardhini, naye akinyosha mkono amekaribia kukigusa. Hilo ni kosa. Mtu mrefu asiyefundishwa huanguka upesi, huchoka upesi, huporwa mpira na wafupi wapitao chini ya mikono yake, tena hutenda makosa mengi. Na katika michezo ya vyuo vya Marekani mchezaji atendaye kosa la tano huondolewa mchezoni.

Mwaka 2006 Thabeet aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut, ambako mwalimu mkuu wa timu alikuwa Jim Calhoun. Alikaa miaka mitatu. Mwaka 2008, na tena mwaka 2009, alichaguliwa kuwa mlinzi bora kuliko wote katika ligi ya vyuo vya upande wao. Mwaka huo wa 2009 Connecticut ikafika miongoni mwa timu nne za mwisho za nchi nzima, na mwezi wa Juni timu ya Memphis ikamchagua Thabeet awe wa pili katika vijana wote waliokuwa wakiingia ligi kuu ya Marekani mwaka ule. Ndiye Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi hiyo.

Magazeti yalipoandika habari hizo yalimtaja Thabeet, yakamtaja na Calhoun. Hiyo ni haki yao. Lakini mwalimu mkuu wa chuo kama kile ana wachezaji zaidi ya kumi, ana wakubwa wa chuo wa kuwajibu, ana waandishi wa magazeti, ana na wazazi. Hawezi kusimama asubuhi na kijana mmoja chini ya kikapu, akamfundisha namna ya kuweka mguu wa kushoto, leo, na kesho, na mwezi mzima. Kazi ya namna hiyo katika vyuo vile, sehemu yake iliyo kubwa, ni ya wasaidizi.

Na tutazame basi siku ya msaidizi ilivyo.

Kabla ya masomo ya chuo kuanza, yeye yumo katika jumba la mchezo na wachezaji wawili watatu, akiwarushia mipira na kuwasahihisha. Baada ya hapo huenda kuuliza kama vijana wake wamehudhuria darasani, kwa maana mwanafunzi asiyefaulu masomo yake hukatazwa kucheza, hata akiwa hodari namna gani. Mchana hukaa peke yake mbele ya picha za sinema za timu watakayopambana nayo. Huitazama picha moja mara nyingi, huirudisha nyuma, huisimamisha, akiandika: fulani hupenda kwenda mkono wa kuume, fulani akichoka huacha kurudi nyuma upesi, wakitupa mpira kutoka pembeni, hutafuta mtu yule. Habari hizo huzifupisha mpaka zikae katika ukurasa mmoja au mbili, kwa kuwa mchezaji hawezi kukumbuka kitabu kizima katika mbio. Ustadi wa msaidizi hujulikana hasa hapo: si kwa wingi wa mambo aliyoyaona, bali kwa yale machache aliyoyachagua.

Jioni mazoezi huanza, naye ndiye avaaye taabu ya kuwafundisha wachezaji wa akiba waigize mchezo wa adui. Usiku hushika simu. Hapo ndipo kazi yake iliyo ngumu kuliko zote inapoanza, yaani kuwatafuta vijana wa miaka ijayo. Huwapigia simu wao na wazazi wao, huwasiliana na waalimu wa shule zao, husafiri mwendo wa saa nyingi kwenda kumtazama mtoto mmoja akicheza katika mji mdogo, na mara nyingi hurudi mikono mitupu kwa kuwa kijana amechagua chuo kingine. Huenda akamfuata kijana mmoja miaka miwili, akayajua majina ya ndugu zake wote, asimpate. Watu wasemao kazi hii ni mchezo tu hawajaijua. Kwa wasaidizi wengi, kupanda ngazi kumetegemea zaidi vijana waliowaleta chuoni kuliko maarifa yao ya mchezo wenyewe. Jambo hilo si zuri lote, kwa maana limewapa wengine tamaa ya kuvunja sheria. Lakini ndivyo lilivyo.

Na siku ya mchezo wenyewe hukaa kitini na karatasi yake. Huhesabu makosa ya kila mchezaji, wa kwao na wa wenzao. Huhesabu mapumziko mafupi ambayo timu imebakiwa nayo. Mwalimu mkuu akikasirika, yeye hutulia. Na mchezaji aliyetolewa nje kwa kukemewa akija kukaa benchini ameinamisha kichwa, ni msaidizi amsogeleaye na kumweleza taratibu kosa lake lilikuwa nini.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeutunga mchezo huu hakudhani kama unahitaji hata mwalimu mmoja, sembuse wasaidizi. Mtu huyo ni James Naismith, mzaliwa wa Kanada. Mwezi wa Desemba mwaka 1891 alikuwa akifundisha katika chuo cha chama cha vijana Wakristo katika mji wa Springfield, Marekani. Nje kulikuwa na baridi kali, na vijana wake 18 walikuwa wamechoka na mazoezi ya ndani yasiyo na furaha. Naismith akatundika vikapu viwili vya kuchumia matunda, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili, futi 10 juu, akaandika sheria 13, akawagawa tisa kwa tisa. Mchezo wa kwanza ukaisha kwa goli moja tu. Vikapu vilikuwa na matako, hata mpira ukiingia ilikuwa sharti mtu apande ngazi kuutoa.

Mwaka 1898 Naismith alihamia Chuo Kikuu cha Kansas, akakaa huko mpaka alipofariki mwaka 1939. Hapo tena aliongoza timu ya chuo, lakini hakuona kushinda kuwa jambo kubwa: michezo aliyoshindwa ni 60, na aliyoshinda ni 55. Katika waalimu wakuu wote waliomfuata pale miaka mingi hakuna mwingine mwenye hesabu ya namna hiyo. Kwake yeye mchezo ulikuwa wa kuchezwa, si wa kufundishwa. Wanafunzi wake ndio waliogeuza jambo hilo.

Mmoja wa wanafunzi hao aliitwa John McLendon, naye yafaa habari zake zielezwe kwa kirefu. Alizaliwa katika Kansas mwaka 1915, naye alikuwa Mmarekani mweusi. Alipoingia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1933 alitaka kujifunza ualimu wa michezo, na baba yake alimwagiza amtafute Naismith, amwombe awe mshauri wake. Naismith akampokea. Lakini siku zile mtu mweusi hakuruhusiwa kucheza katika timu ya chuo kile. Basi McLendon alijifunza mchezo kwa mtu yule yule aliyeutunga, katika chuo kile kile, wala hakuvaa nguo za timu yake hata siku moja. Mwaka 1936 akapata shahada yake, na mwaka uliofuata akapata nyingine katika Chuo Kikuu cha Iowa.

Mlango uliofunguka kwake ulikuwa wa kiti cha pili. Mwaka 1937 alikwenda Durham, katika jimbo la North Carolina, akawa msaidizi wa mwalimu katika chuo cha watu weusi. Alikaa katika kazi hiyo miaka mitatu, na mwaka 1940 akafanywa mwalimu mkuu. Ndipo yalipoonekana mambo aliyokuwa akiyawaza. Wakati ule timu nyingi zilicheza kwa utaratibu, zikipeana mpira mara nyingi kabla ya kurusha. McLendon aliwazoeza vijana wake kukimbia. Kila walipopata mpira walikimbia mara moja kuelekea kikapu cha pili, kabla adui hajajipanga, na walipoupoteza walimbana adui kiwanja kizima asipumue.

Katika mji ule ule wa Durham kulikuwa na chuo kikuu cha watu weupe kiitwacho Duke, na wanafunzi wake wa uganga walikuwa na timu hodari sana. Sheria na desturi za jimbo zilikataza weusi na weupe kucheza pamoja. Hata hivyo, asubuhi ya Jumapili, tarehe 12 Machi, 1944, wakati watu wengi wa mji walipokuwa kanisani, timu ile ya Duke ilikuja kwa siri katika jumba la mchezo la chuo cha McLendon. Milango ikafungwa. Watazamaji hawakualikwa. Vijana wa McLendon walishinda kwa 88 kwa 44. Kisha, jambo lililo kubwa zaidi, wakachanganyika wakacheza mara ya pili, weusi na weupe upande mmoja. Habari hiyo ilifichwa miaka zaidi ya 50, hata mwaka 1996 mwandishi mmoja wa historia akaitangaza gazetini. Laiti ingalijulikana siku zile, huenda McLendon angalipoteza kazi yake, au hata zaidi ya kazi.

Baadaye alikwenda jimbo la Tennessee, na timu yake ikatwaa ubingwa wa taifa wa vyuo vidogo mara tatu mfululizo, mwaka 1957, 1958 na 1959. Mwaka 1966 akawa mwalimu mkuu katika chuo kikuu cha Cleveland, mtu mweusi wa kwanza kupewa cheo hicho katika chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa weupe. Alifariki mwaka 1999.

McLendon alikaa kiti cha pili miaka mitatu tu. Wengi hukaa zaidi, na wengi huanzia chini ya hapo. Ngazi ya kwanza katika vyuo vile si usaidizi wenyewe, bali ni utumishi mdogo: kubeba mipira, kutengeneza picha za mchezo, kuandika hesabu, au kuwa mwanafunzi wa shahada ya pili ambaye hulipiwa karo naye husaidia timu. Mwaka 2000 kijana mmoja jina lake Brad Stevens aliacha kazi ya mshahara mzuri katika kampuni ya dawa, akaenda kujitolea bila malipo katika chuo cha Butler. Mwaka uliofuata akawa msaidizi kamili, na mwaka 2007 akawa mwalimu mkuu. Mwaka 2010 na 2011 aliifikisha Butler katika mchezo wa mwisho wa nchi nzima, chuo kidogo kati ya vikubwa. Habari zake hupendwa sana kusimuliwa. Lakini kwa kila Stevens wapo wengine wengi waliojitolea, wakakopa fedha za kulipa nyumba, na baada ya miaka michache wakarudi katika kazi nyingine. Hao hawasimuliwi.

Tukisema fedha, hatuna budi kusema habari ya kesi. Michezo ya vyuo vikuu vya Marekani hutawaliwa na chama kimoja kikubwa kiitwacho kwa herufi zake NCAA. Mwaka 1991 chama hicho kilipitisha sheria, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Agosti mwaka 1992, ya kwamba katika kila timu ya mpira wa kikapu ya vyuo vya daraja la kwanza msaidizi mmoja, yule wa chini, asilipwe zaidi ya dola 16,000 kwa mwaka: 12,000 za miezi ya masomo, na 4,000 za miezi ya joto. Michezo mingine pia ilipewa sheria kama hiyo. Kabla ya hapo wasaidizi wengine wa cheo hicho walikuwa wakipata dola 60,000 hata 70,000. Chama kilisema kwamba gharama zimezidi, na kwamba nafasi hiyo iwe ya vijana wanaoanza kazi.

Ili jambo hili lifahamike, na tufikiri mfano wa kwetu. Mkulima wa Muleba ana magunia yake ya kahawa. Mnunuzi mmoja humpa bei hii, wa pili akitaka kahawa ile ile huongeza kidogo, na mkulima huchagua. Siku moja wanunuzi wote hukutana chumbani, hupatana kwamba hakuna atakayezidisha shilingi kadha kwa kilo. Kesho yake mkulima hutoka kwa huyu akaenda kwa yule, bei ni moja tu. Je, amepata soko, au ameonyeshwa mlango mmoja wenye majina mengi? Katika Marekani iko sheria ya zamani ikatazayo wafanya biashara kupatana namna hiyo. Wasaidizi wakasema: vyuo hivi hushindana kila siku kutafuta waalimu na wachezaji, vikikutana kupanga ujira wetu, vina tofauti gani na wafanya biashara hao?

Wakashitaki katika mahakama ya jimbo lile lile la Kansas ambako Naismith alifundisha. Mwaka 1995 hakimu akaamua kwamba sheria ile ya mshahara haikuwa halali. Chama kikakata rufani. Mwezi wa Januari mwaka 1998 mahakama ya rufani ikathibitisha uamuzi. Mwezi wa Mei mwaka ule ule wazee wa baraza wakakadiria hasara ya wasaidizi wote kuwa dola milioni 22 na zaidi, na kwa sheria ile fidia huzidishwa mara tatu, ikakaribia milioni 67. Mwisho, mwaka 1999, pande mbili zikapatana kwa dola milioni 54 na nusu. Angalia ni nani waliofanya jambo hili. Hawakuwa waalimu wakuu wenye majina. Walikuwa wale wa chini kabisa, watu ambao kazi yao ya mwaka ujao ilitegemea vyuo vile vile walivyovishitaki kwa kupitia chama chao. Mtu wa kiti cha pili huogopa sana kuitwa mkaidi, kwa maana kupanda kwake hutegemea neno jema la mkubwa wake. Basi yafaa kukumbuka kwamba walioshitaki walikuwa na jambo la kupoteza.

Katika mwaka 2023 chama hicho kiliongeza idadi ya wasaidizi wa mpira wa kikapu kutoka watatu hata watano kwa kila timu, ingawa si wote walioruhusiwa kwenda nje kutafuta vijana. Nafasi zimezidi, na watu wazitakao nao wamezidi.

Sasa, baada ya kiti cha pili, ni nini? Tazama chuo kile kile alichosoma Thabeet. Mwaka 2010 Calhoun alimchukua Kevin Ollie, mwanafunzi wake wa zamani aliyekuwa amecheza miaka 13 katika ligi kuu, akamfanya msaidizi. Mwaka 2011 Connecticut ikatwaa ubingwa kwa kuishinda Butler ya Stevens kwa 53 kwa 41. Mwaka 2012 Calhoun akastaafu, Ollie akarithi kiti chake, na mwaka 2014 akatwaa ubingwa yeye mwenyewe. Miaka minne baadaye, mwaka 2018, timu ilipokuwa imeshuka sana, aliondolewa. Mwaka 2023 alikuwa msaidizi tena, safari hii katika timu ya Brooklyn ya ligi kuu. Kiti cha kwanza kina heshima yake, lakini kinatikisika. Na ngazi hii, mtu aliyeipanda aweza kushuka akaanza tena katikati.

Katika chuo hicho hicho, upande wa wasichana, yuko bibi mmoja ambaye hakupanda wala hakushuka. Jina lake Chris Dailey. Mwaka 1985 alifika Connecticut pamoja na mwalimu mkuu Geno Auriemma, yeye akiwa msaidizi wake. Mwaka 2025, walipotwaa ubingwa wa taifa mara ya 12, alikuwa bado yupo katika benchi lile lile, miaka 40. Si kwamba hakuweza kuongoza. Siku ambazo Auriemma hakuwapo aliiongoza timu mwenyewe, ikashinda. Wengine hushangaa mtu mwenye uwezo kama huo asitake kiti chake mwenyewe. Labda wao ndio wasioona vizuri ni kitu gani alichokuwa nacho.

Na Bill Guthridge alikuwa mfano wa kati ya hao wawili. Alizaliwa Kansas mwaka 1937. Mwaka 1967 alikwenda Chuo Kikuu cha North Carolina, maili chache tu kutoka Durham ya McLendon, kuwa msaidizi wa Dean Smith, ambaye naye alikuwa amejifunza mchezo Kansas kwa mwanafunzi wa Naismith. Guthridge akawa hodari wa kufundisha wachezaji warefu na wa kusahihisha mikono ya warushaji. Mwaka 1978 alikubali kuwa mwalimu mkuu wa chuo kingine, lakini akiwa safarini kwenda huko akabadili nia, akarudi kwa Smith. Akakaa. Wanafunzi wakaja wakaondoka, wengine wakawa matajiri katika ligi kuu, wasaidizi wenzake wakapata vyeo penginepo. Mwezi wa Oktoba mwaka 1997 Smith alistaafu, na Guthridge, baada ya miaka 30 katika kiti cha pili, akiwa na umri wa miaka 60, akaitwa kukaa katika kiti cha kwanza. Mwaka wake wa kwanza timu ilishinda michezo 34 ikashindwa minne. Katika miaka mitatu aliifikisha mara mbili kati ya timu nne za mwisho. Kisha mwaka 2000 akasema yatosha, akastaafu. Yeye na Smith wote wawili walifariki mwaka 2015, katika miezi michache.

Tusidhani kwamba ngazi hizi ziko ng'ambo ya bahari tu. Mwezi wa Agosti mwaka 2021 timu za mataifa ya Afrika zilikutana Kigali, mji mkuu wa Rwanda, nchi iliyo ng'ambo ya mto Kagera. Kenya ilikuwapo, kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1993. Ilikuwa imepata nafasi hiyo kwa sababu mwezi wa Februari iliishinda Angola, timu iliyokuwa bingwa wa Afrika mara nyingi, kwa 74 kwa 73. Mwalimu mkuu wa wanaume hao wa Kenya alikuwa mwanamke, Liz Mills, mzaliwa wa Australia. Hakuanzia hapo. Alikuja Zambia mwaka 2011 akafundisha timu ya mtaa, kisha akawa msaidizi katika timu ya taifa ya Zambia na ya Kameruni, miaka kadha, akiandika, akihesabu, akinong'oneza. Katika mashindano yale ya mataifa ya Afrika hakuna mwanamke aliyekuwa amepata kuongoza timu ya wanaume kabla yake. Kenya iliishinda Mali kwa 72 kwa 66. Na siku ile, Mills aliposimama ukingoni akionyesha kwa mikono, nyuma yake benchini walikuwako wasaidizi wake.